Vihisi vya mkondo wa umeme katika ndege ndogo

Kihisi cha mkondo wa umeme ni kifaa kinachopima kiasi cha umeme kinachopita katika waya na kumwonyesha rubani au fundi kiasi hicho kwa kipimo cha ampea (A). Katika ndege ndogo, hasa zile za injini moja ya pistoni, kihisi hiki ni njia mojawapo ya kujua kama altaneta inafanya kazi, kama betri inachajiwa au inaishiwa, na kama kuna kifaa kinachovuta umeme kupita kiasi.

Kuna aina kadhaa za vihisi hivyo, na kila aina ina faida na udhaifu wake. Uteuzi hutegemea mambo matatu: mahali mkondo unapopimwa, aina ya kihisi, na ukubwa wa mkondo unaotarajiwa. Mahali huamuliwa kwanza, kwa sababu kihisi kizuri kilichofungwa mahali pasipofaa hutoa namba sahihi kwa swali ambalo rubani hakuuliza.

Umeme wa ndege ndogo

Ndege ndogo nyingi hutumia umeme wa mkondo mnyoofu. Ndege zenye betri ya volti 12 huwa na mfumo unaofanya kazi kwa takriban volti 14 injini ikiwa inazunguka, na zile zenye betri ya volti 24 hufanya kazi kwa takriban volti 28. Altaneta huzungushwa na injini na kulisha vifaa vyote vya ndege, huku ikirudishia betri chaji iliyotumika wakati wa kuwasha injini. Altaneta ya ampea 60 ni ya kawaida katika ndege za watu wanne.

Umeme wa altaneta na betri hukutana kwenye baa kuu ya umeme, yaani kipande cha shaba kinachogawa umeme kwa redio, taa, pampu na vyombo vingine kupitia fyuzi au sakiti breka. Katika ndege zenye mwili wa metali, kwa kawaida mwili wenyewe hutumika kama njia ya kurudisha umeme kwenye betri.

Stata ni jambo la pekee. Kwa sekunde chache inapozungusha injini, huvuta ampea mamia, yaani mara kadhaa ya matumizi yote mengine ya ndege. Kwa sababu hiyo waya wa stata hupitishwa njia yake, na mkondo wake kwa kawaida haupitishwi kwenye kihisi.

Sababu za kupima mkondo

Injini nyingi za pistoni za ndege huwashwa na magneto, ambayo hujitengenezea umeme wake bila kutegemea betri. Hivyo altaneta ikifa angani injini huendelea kuzunguka kama kawaida, na hakuna sauti wala mtikisiko wa kumtahadharisha rubani. Redio na taa huendelea kufanya kazi kwa umeme wa betri mpaka betri iishe. Wakati wa mchana na hali ya hewa nzuri tatizo hili linaweza kuwa usumbufu tu, lakini usiku au ndani ya mawingu linaweza kuua.

Muda unaobaki unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Betri ya ampea-saa 24 inayolisha vifaa vinavyovuta ampea 30 ingedumu kwa dakika 48. Rubani akizima vifaa visivyo vya lazima na kubaki na mzigo wa ampea 12, betri hiyo ingedumu kwa saa 2. Kwa kweli muda huwa mfupi zaidi, kwa sababu betri iliyozeeka haibebi chaji yake yote, na betri inayotumika kwa kasi hutoa chaji pungufu. Hata hivyo hesabu hii inaonyesha kwamba rubani anayejua mapema ana nafasi, na anayechelewa kujua hana.

Ajali ya tarehe 11 Oktoba 1983 katika jimbo la Illinois, Marekani, hutajwa mara nyingi katika mafunzo ya jambo hili. Ndege aina ya Hawker Siddeley HS 748, ambayo ni kubwa kuliko ndege zinazozungumziwa hapa lakini yenye mpangilio unaofanana, iliruka usiku kutoka Springfield kwenda Carbondale. Muda mfupi baada ya kuruka jenereta ya kushoto iliharibika, na jenereta ya kulia, iliyokuwa nzima, ikatengwa na mfumo kwa makosa. Badala ya kurudi Springfield palipokuwa karibu, safari iliendelea kwa umeme wa betri pekee. Betri iliisha, na ndege ikaanguka karibu na Pinckneyville. Watu wote 10 waliokuwemo walikufa.

Voltimita pia husaidia, na ndege nyingi huwa nayo. Volti zinaposhuka kutoka 14 hadi chini ya 13 ni dalili kwamba altaneta haichangii. Lakini voltimita haionyeshi ni kiasi gani cha umeme kinatumika, wala haiwezi kumwambia rubani kifaa alichozima kimepunguza mzigo kwa kiasi gani.

Mahali pa kupimia

Kuna sehemu tatu ambapo kihisi huweza kufungwa, na kila sehemu hujibu swali lake.

Kwenye waya wa betri. Hapa kihisi huonyesha umeme unaoingia au kutoka kwenye betri. Sifuri huwa katikati ya kipimo: upande mmoja ni kuchaji na upande wa pili ni kuishiwa. Mara baada ya kuwasha injini mshale huenda upande wa kuchaji, kisha hurudi taratibu karibu na sifuri kadiri betri inavyojaa. Mshale ukibaki upande wa kuishiwa wakati injini inazunguka kwa kasi ya kusafiri, altaneta haitoshelezi mzigo au imekufa kabisa. Kihisi hiki hakionyeshi altaneta inabeba mzigo kiasi gani.

Kwenye waya wa altaneta. Kipimo hiki huitwa mita ya mzigo, na huanzia sifuri kwenda juu. Huonyesha umeme wote unaotolewa na altaneta, ule wa vifaa pamoja na ule wa kuchaji betri. Namba ikikaa juu muda mrefu bila kushuka, huenda betri ni mbovu au kuna kifaa chenye hitilafu. Namba ikiwa sifuri, altaneta haitoi kitu.

Kwenye waya unaolisha baa kuu. Hapa huonekana matumizi ya vifaa pekee, bila kujali umeme unatoka kwa altaneta au kwa betri. Sehemu hii hufaa sana baada ya altaneta kufa, kwa kuwa rubani huona mzigo wa betri ukipungua kila anapozima kifaa. Lakini haimwambii kwamba altaneta imekufa, kwa hiyo huhitaji kuambatana na voltimita au taa ya tahadhari.

Tofauti kati ya sehemu mbili za kwanza ni ya hatari kwa rubani anayehama kutoka ndege moja kwenda nyingine. Katika ndege yenye kihisi kwenye waya wa betri, sifuri maana yake ni kwamba betri imejaa na mambo ni mazuri. Katika ndege yenye kihisi kwenye waya wa altaneta, sifuri hiyohiyo maana yake ni kwamba altaneta imekufa. Ndege nyingi za zamani za Cessna 172 zina kipimo cha aina ya kwanza, na ndege nyingi za familia ya Piper Cherokee zina kipimo cha aina ya pili. Kwa sababu hiyo lebo ya kipimo na kitabu cha ndege husika husomwa kabla ya kuruka.

Njia nyingine ni kuwa na vihisi zaidi ya kimoja vinavyotumia kipimo kimoja chenye swichi ya kuchagua. Cessna 208 Caravan, ndege inayotumika sana Tanzania na Kenya kubeba watalii kwenda kwenye viwanja vidogo vya mbuga za wanyama, ina mpangilio wa namna hiyo: rubani huzungusha swichi ili kuona mkondo wa jenereta, wa altaneta ya akiba au wa betri, au kuona volti za mfumo.

Aina za vihisi

Ammita inayopitisha mkondo wote

Katika ndege za zamani, mkondo wote ulipitishwa ndani ya ammita iliyoko mbele ya rubani. Njia hii ni rahisi na haina vifaa vya ziada. Udhaifu wake ni kwamba waya nene wenye umeme mwingi lazima utoke kwenye injini hadi kwenye paneli ya vyombo na kurudi. Waya huo huongeza uzito, hupoteza volti, na ukichubuka nyuma ya paneli unaweza kuanzisha moto mahali pabaya kuliko pote.

Waya huo huvuruga dira pia. Waya mmoja mrefu wenye ampea 50 huzalisha uga wa sumaku wa takriban mikrotesla 100 kwa umbali wa sentimita 10, ilhali uga wa sumaku wa dunia ni kati ya mikrotesla 25 na 65 tu.

Shanti

Shanti ni kipande cha metali chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana kwa usahihi. Mkondo ukipita ndani yake, tofauti ndogo ya volti hutokea kati ya ncha zake, na tofauti hiyo hulingana na mkondo kufuatana na kanuni ya Ohm. Shanti nyingi za ndege hutoa milivolti 50 kwa mkondo wake wa juu. Kwa mfano, shanti ya ampea 100 na milivolti 50 ina ukinzani wa omu 0.0005.

Kwa kawaida shanti hutengenezwa kwa manganini, aloi ya shaba, manganisi na nikeli iliyobuniwa na Edward Weston mwaka 1892. Ukinzani wa aloi hiyo hubadilika kidogo mno joto linapopanda au kushuka.

Shanti ina skrubu mbili kubwa za mkondo na skrubu mbili ndogo za waya za kipimo. Waya za kipimo hazifungwi kwenye skrubu kubwa, kwa sababu kutu au kulegea kwa viungo hivyo huongeza ukinzani na kuharibu kipimo. Kwa kuwa waya za kipimo ni nyembamba, shanti inaweza kukaa karibu na injini au betri huku paneli ikipokea milivolti chache tu.

Faida za shanti ni bei nafuu, usahihi, kudumu, na kutohitaji umeme wa kuiendesha. Hasara zake ni tatu. Kwanza, hutoa joto. Pili, ishara yake ni ndogo: katika shanti iliyotajwa juu, ampea 1 ni milivolti 0.5 tu, hivyo waya zake husokotwa pamoja ili kupunguza mwingilio wa redio na wa mfumo wa kuwashia injini. Tatu, waya zake za kipimo zimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ndege. Waya mmojawapo ukigusa mwili wa ndege, umeme wote wa betri unaweza kupita kwenye waya huo mwembamba na kuuchoma. Ndiyo maana fyuzi ndogo, mara nyingi ya ampea 1, hufungwa kwenye kila waya wa kipimo, karibu kabisa na shanti yenyewe.

Kihisi cha Hall

Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aligundua kwamba mkondo unaopita katika kipande chembamba cha metali kilichowekwa ndani ya uga wa sumaku huzalisha volti ndogo upande kwa upande. Kihisi cha Hall hutumia jambo hilo. Waya wa umeme hupita katikati ya pete ya chuma, pete hukusanya uga wa sumaku unaozunguka waya, na kipande cha nusukipitishi kilichowekwa kwenye mwanya wa pete hupima uga huo.

Faida yake kubwa ni kwamba hakigusani na umeme unaopimwa. Waya haukatwi, hakuna joto linaloongezwa kwenye njia ya mkondo, na shoti kwenye waya za kihisi haiwezi kuvuta mkondo mkubwa kutoka kwenye waya mnene. Kihisi hupima pande zote mbili, kuchaji na kuishiwa. Vihisi vingi hulishwa volti 5 na kutoa volti 2.5 mkondo unapokuwa sifuri.

Hasara zake ni kwamba kinahitaji umeme wa kukiendesha, na umeme huo ukikatika namba hupotea au hudanganya. Sifuri yake huweza kuhama joto linapobadilika. Uga wa sumaku wa waya nene jirani, au wa stata, huweza kuingilia kipimo, na mkondo mkubwa sana ukipita ndani ya pete huweza kuacha usumaku unaohamisha sifuri.

Kuna vihisi vya Hall vya mzunguko wazi, ambavyo ni vyepesi na vya bei nafuu, na vya mzunguko funge, ambavyo hutumia koili ya pili kufuta uga wa sumaku ndani ya pete. Hivi vya pili ni sahihi zaidi, lakini ni ghali na hutumia umeme mwingi zaidi.

Transfoma ya mkondo

Transfoma ya mkondo ni koili iliyozungushwa kwenye pete inayopitiwa na waya. Hufanya kazi kwa mkondo geu pekee, kwa kuwa uga wa sumaku usiobadilika hauzalishi umeme kwenye koili. Hutumika katika ndege kubwa zenye umeme wa volti 115 na mizunguko 400 kwa sekunde. Kwa mfumo wa mkondo mnyoofu wa ndege ndogo haifai, ingawa kwa macho inaweza kufanana na kihisi cha Hall. Mtu anayenunua kihisi cha pete hana budi kuhakikisha kwamba kinapima mkondo mnyoofu.

Vigezo vya uteuzi

Baada ya kuamua mahali, vigezo vifuatavyo huzingatiwa:

- Ukubwa wa mkondo. Kihisi kiweze kubeba mkondo wa juu wa altaneta na kubaki na nafasi. Kwa shanti, ni desturi kutozidi theluthi mbili za mkondo ulioandikwa juu yake kwa matumizi ya mfululizo. Kihisi kikubwa kupita kiasi nacho si kizuri, kwa sababu mabadiliko madogo hayataonekana.
- Mwelekeo. Kihisi cha waya wa betri lazima kipime pande zote mbili. Cha altaneta kinaweza kupima upande mmoja.
- Kulingana na kipimo. Shanti na skrini yake lazima ziwe za aina moja. Skrini iliyowekwa kwa shanti ya ampea 60 ikiunganishwa na shanti ya ampea 100, zote za milivolti 50, itaonyesha ampea 36 wakati mkondo ni ampea 60.
- Joto na mtikisiko. Kihisi kilicho upande wa injini hupata joto na mtikisiko kuliko kilicho ndani ya chumba cha rubani.
- Umbali na dira. Waya nene na pete za sumaku hukaa mbali na dira na vihisi vyake.
- Namna kinavyoharibika. Kihisi kikiharibika, je, umeme wa ndege hukatika? Shanti iko ndani ya njia ya mkondo, hivyo skrubu iliyolegea inaweza kupasha moto na kukata umeme. Kihisi cha Hall kikifa, namba hupotea lakini umeme hauguswi.

Mfano wa uteuzi

Chukua ndege yenye mfumo wa volti 14 na altaneta ya ampea 60, ambapo rubani anataka kujua mara moja altaneta ikifa. Kihisi kitawekwa kwenye waya wa altaneta.

Shanti ya ampea 60 na milivolti 50 ingetoa joto la wati 3 kwa mkondo wote, na ingekuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Shanti ya ampea 100 na milivolti 50, kwa ampea 60, hutoa milivolti 30 na joto la wati 1.8. Hasara ya volti 0.03 kati ya volti 14 haina athari yoyote kwa vifaa. Theluthi mbili za ampea 100 ni karibu ampea 67, hivyo shanti hii inafaa, mradi skrini iwekwe kwa ampea 100.

Kihisi cha Hall cha ampea 100 kingefanya kazi hiyo pia. Kingechaguliwa hasa kama mwenye ndege hataki kukata waya wa altaneta, au kama skrini yake haiwezi kupokea waya za kipimo zenye volti 14.

Baada ya kufunga, kihisi hujaribiwa injini ikizunguka. Taa ya kutua yenye balbu ya wati 100 ikiwashwa, namba inapaswa kupanda kwa takriban ampea 7. Isipopanda, au ikishuka, mahali, mwelekeo au mpangilio wa skrini una kasoro.

Kanuni

Nchini Marekani, kanuni za Sehemu ya 23 za kuidhinisha ndege ndogo, kabla ya kuandikwa upya mwaka 2017, zilitaka rubani aonyeshwe vipimo vya umeme vilivyo muhimu kwa usalama na apewe tahadhari ya papo hapo jenereta ikifa. Ziliruhusu pia ammita iwekwe kwenye waya wa betri ikiwa ndege ina jenereta moja tu. Ndiyo sababu mipangilio yote miwili ipo katika ndege zilizoidhinishwa. Kanuni hizo zilitaka vilevile betri iweze kulisha vifaa vya lazima kwa angalau dakika 30 baada ya jenereta kufa.

Katika ndege iliyoidhinishwa mmiliki hawezi kubadilisha kihisi kwa hiari yake. Kifaa na kazi ya kukifunga huhitaji idhini, na kazi hufanywa au kukaguliwa na fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania usimamizi wa mambo hayo uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na nchini Kenya chini ya KCAA. Wajenzi wa ndege za nyumbani katika nchi nyingi wana uhuru mkubwa zaidi.

Ndege zinazoendeshwa kwa umeme

Katika ndege inayoendeshwa na mota ya umeme, kihisi cha mkondo hufanya kazi ya kipimo cha mafuta. Pipistrel Velis Electro, iliyopata idhini ya shirika la usalama wa anga la Ulaya (EASA) mwezi Juni 2020, ilikuwa ndege ya kwanza ya umeme mtupu kupata idhini kamili ya aina yake. Mota yake ina nguvu ya kilowati 57.6 na mfumo wake hutumia takriban volti 345, hivyo mkondo wake wa juu ni takriban ampea 167.

Chaji iliyobaki katika betri za namna hii hukadiriwa kwa kujumlisha mkondo unaotoka kila sekunde. Kosa dogo la sifuri hujumlishwa pia: kihisi kinachopunguza ampea 1 kila wakati kitakuwa kimeficha ampea-saa 1 baada ya saa 1. Kwa hiyo katika ndege za umeme, uthabiti wa sifuri huwa na uzito zaidi kuliko katika ndege ya pistoni. Volti kubwa nazo hufanya kihisi kisichogusana na umeme, kama kile cha Hall, kuwa salama zaidi kwa fundi na kwa vyombo vya rubani.